Shefu alikufa 2018, sahani bado inatoka ile ile

Watu wakisikia jina la Paul Bocuse, yule mpishi Mfaransa, wanawaza ile restora kubwa ya Collonges-au-Mont-d'Or, nje kidogo ya Lyon, ile ambayo ukikaa tu mezani bili inapita euro 200 na bado hujagusa mvinyo. Mi sikuenda kule, tusidanganyane. Nilienda kwenye braseri zake za mjini, fasi ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuingia siku moja moja bila kuuza kitu ya nyumba, na nimeamua kuandika kwa sababu watu wa hapa L'shi (Lubumbashi, Kongo) wameniuliza sana kule walinilisha nini, na pia juu kuna jambo niliona pale linanisumbua mpaka leo kila nikikaa restora ya mjini hapa.

Aliyenipeleka ni yaya (kwetu ni ndugu mkubwa), mtoto wa mama mukubwa, anaishi Lyon muda mrefu na anafanya kazi hospitali. Yeye njo alichagua. Mi wangeniachia ningeishia kutafuta michopo, nyama ya kuchoma ya kwetu.

Zile braseri za mwanzo ziko nne na zinaitwa kwa pande nne za dunia: Le Nord, Le Sud, L'Est, L'Ouest. Le Nord njo ilitangulia, 1994, na L'Ouest ikaja mwisho, 2003, kule Vaise kando ya mto Saône. Baadaye zikaongezeka zingine lakini ukisema "braseri za Bocuse" mtu wa Lyon anawaza kwanza hizo nne. Kila moja iko na tabia yake, Le Nord ni vyakula vya kizamani vya Lyon, Le Sud ni mambo ya bahari, mafuta ya zeituni, nyanya, samaki, L'Est wanasema chakula ya safari, kidogo huku kidogo kule. Ukitazama vizuri utaona ni akili ya biashara kwelikweli, juu mtu akishapenda moja anataka kujua zile tatu zikoje.

Tulianza na L'Est. Hii iko ndani ya gare (stesheni ya treni) ya zamani ya Brotteaux, jengo walimaliza 1908, na treni ziliacha kusimama pale 1983 wakati gare mpya ya Part-Dieu ilifunguliwa. Sasa mi papa yangu alikuwa mtu wa reli, nimekulia kwenye mazungumzo ya mabehewa na vichwa vya treni, na reli ilifika Lubumbashi 1910, kwa hiyo lile jengo na reli yetu ni rika moja. Niliingia naangalia juu kabla ya kuangalia meza. Dari iko juu kabisa, na kuzunguka kuta, juu ya vichwa vya watu, wameweka kareli kadogo na tutreni twa umeme tunapita, tunapotea nyuma ya nguzo, tunatokea tena, watoto wanaacha kula na kunyoosha kidole, na watu wazima pia, mi wa kwanza. Yaya akanivuta mkono, "Mudogo, kaa kwanza, katreni kanarudi."

Kuhusu nguo, niliulizwa hilo sana. Hakuna shida. Nilikuta mtu na kostimu na karibu yake familia na watoto wa jeans, bibi na babu wanasherehekea kitu, na mtu peke yake na gazeti anakula bila haraka. Ile ndiyo maana ya braseri, ni ya watu wote wenye njaa na hela kidogo ya ziada, ila kitambaa cha meza ni cheupe na glasi zinang'aa. Haiko ile restora ya kukaa umenyooka kama uko mbele ya mkwe.

Jiko liko wazi, unaliona kutoka mezani. Na hapo njo niliacha kuangalia katreni.

Niliagiza quenelle, ile ya samaki brochet na sosi wanaita Nantua. Nieleze kidogo juu hii sahani ina akili nyingi. Brochet ni samaki wa mto na wa ziwa, mkali, ana miiba mingi tena midogo ile ya kujificha ndani ya nyama, ukimla hivi hivi jioni nzima unatoa miiba mdomoni. Watu wa Lyon wa zamani wakaamua basi tumponde, tumpitishe kwenye chujio, miiba ibaki, halafu ile nyama laini ichanganywe na mayai, siagi na unga, itengenezwe kwa umbo la yai refu, ichemshwe kidogo na mwishoni iingie kwenye oveni ndani ya sosi. Kule ndani inavimba. Ilifika kwangu ndani ya bakuli la kuokea bado inachemka pembeni, puu, puu, juu imeshika rangi ya dhahabu, na sosi yake rangi ya machungwa inayotoka kwenye magamba ya kamba wa mto yaliyopondwa na kupikwa na siagi na krimu. Nikaweka kijiko, kikazama bila kushindana na kitu, halafu mvuke ukatoka na harufu ya mto na siagi pamoja. Kwa mtu aliyezoea samaki ya Kasenga, ya kukausha ao ya kukaanga mpaka mifupa inaliwa, mara ya kwanza unajiuliza samaki yenyewe iko wapi. Kijiko cha tatu unaacha kujiuliza.

Sasa sikiliza. Meza ya nyuma yetu waliagiza quenelle pia, na ile ya kule karibu na mlango. Yaya anajua tabia yangu ya kuchungulia chakula ya watu, akasema angalia basi vizuri. Nikaangalia. Bakuli moja, sosi imefika kipimo kimoja, rangi ya juu ni ile ile, hata mahali kijani kidogo kimewekwa ni pale pale. Mpishi wa mwisho pale kwenye meza ya kutolea, kabla sahani haijaondoka, anapitisha kitambaa ukingoni, anaangalia kwa sekunde moja, anaisukuma mbele, serveri anabeba. Tulikaa pale mpaka watu wameanza kupungua na sikuona hata sahani moja imetoka na haraka zake. Na hakuna mtu pale aliyekuwa anaonja mbele ya watu kwa mbwembwe za televisheni. Karatasi ya oda inaingia, mmoja anaita kwa sauti, wengine wanaitika pamoja, mikono inaendelea.

Bocuse mwenyewe alikuwa amekufa, 20 Januari 2018, pale pale Collonges alipozaliwa 1926. Na hata alipokuwa hai, mtu wa restora zote hizo, mwenye kusafiri Japani na Marekani, wapi angekaa kupika quenelle yangu? Kuna ile hadithi wanaisimulia kila mahali kwamba mwandishi wa habari alimwuliza, wewe usipokuwepo nani anapika, akajibu ni yule yule anayepika nikiwepo. Watu wanacheka wanafikiri ni utani wa mzee. Mi naona alisema kila kitu pale.

Maana huyu mtu ndiye aliyewatoa wapishi jikoni. Kabla ya kizazi chake mteja alijua jina la mwenye hoteli, si la mpishi. Yeye akajiweka mbele na ile kofia ndefu nyeupe na kola ya bendera ya Ufaransa, ile ya mafundi bora, aliipata 1961. Restora ya Collonges ikapata nyota tatu za Michelin, kitabu kinachopima restora, tatu njo mwisho, 1965. 1975 Rais Giscard d'Estaing akamvalisha nishani ya Légion d'honneur kule Élysée, ikulu yao, na yeye siku hiyo akampikia supu ya truffe (uyoga wa chini ya ardhi, bei kali) iliyofunikwa na unga wa tabaka tabaka, unavunja kifuniko na kijiko ndipo harufu inatoka, mpaka leo supu inaitwa kwa herufi za jina la rais, VGE. 1982 yeye na Roger Vergé na Gaston Lenôtre wakafungua restora ya Kifaransa ndani ya EPCOT kule Florida, kwenye bustani ya Disney, wenzake wa Ufaransa wengine walikunja uso. 1987 akaanzisha mashindano ya wapishi, Bocuse d'Or. Hata soko kubwa la chakula la Lyon lina jina lake. Kwa kifupi, jina lilikuwa kila mahali, na hapo njo ungetegemea kwamba akifa kila kitu kitaanguka.

Kilichotokea ni kwamba ile nyumba kubwa, ile ya nyota, njo iliguswa. Januari 2020 Michelin wakaishusha mpaka nyota mbili baada ya miaka 55, magazeti ya Ufaransa yakalia msiba wa pili. Sisemi chakula kimekuwa kibaya kule, sikukionja, na nyota mbili si mchezo. Nasema tu kwamba kule kulikuwa na uzito wa mtu mmoja. Kwenye braseri, ule uzito ulishahamishiwa zamani kwenye karatasi na mizani. Rafiki ya yaya alijifunza kazi ya jikoni huko huko Lyon (si kwa hawa, restora ingine) na alitueleza namna jiko la hivyo linaenda: kila sahani iko na karatasi yake, gramu ngapi za nyama, mililita ngapi za sosi, dakika ngapi, oveni digrii ngapi, na picha inavyotakiwa kuonekana. Asubuhi kabla mteja hajaamka wameshakata, wameshapima, wameshapanga kwenye vibakuli. Kijana akifika mpya anashika karatasi. Akiondoka, karatasi inabaki.

Hapa kwetu sasa. Kuna mama mmoja wa commune Kenya, mtaa wa hapa L'shi, sitamtaja, wanaomjua watamjua, alikuwa anapika kuku ya kienyeji na sombe (majani ya muhogo) na bukari (ugali) mpaka watu wa Golf, mtaa wa matajiri, wanateremka na magari yao na kupaki vibaya barabarani juu yake. Sombe yake sijakula nyingine ya hivyo, karanga zilikuwa zimesagwa mpaka huzioni, na alikuwa anaacha moto mdogo chini mpaka mafuta yanapanda yenyewe juu. Alipougua miguu binti zake wakashika. Ni wasichana wa kazi, sina la kusema. Ila siku moja chumvi iko juu, siku ingine karanga ni chache, siku ingine kuku amekatwa vipande vya kumkosea mtu heshima, na watu wakaanza kupotea mmoja mmoja. Mama alikuwa na kila kitu mkononi na mkono haurithiwi. Na restora za katikati ya mji, zile za viyoyozi, ugonjwa ni ule ule na bei juu yake: miezi ya kwanza unakula vizuri, unaita marafiki, ukiwaleta mpishi amehamia kwa mwingine na sahani yenye jina lile lile imekuwa kitu ingine kabisa.

Nilimwambia yaya hivyo pale mezani, akanikatalia kidogo. Akasema usiwalinganishe, wale hawakatiwi umeme katikati ya huduma, wale unga wao haukwami mpakani. Na kweli, ukiwa na restora Lubumbashi unapanga menyu leo, kesho kuna matata Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, unga wa Zambia unapanda, nyanya inapanda nayo, utafanya nini, utapunguza kipimo ao utapandisha bei, na mteja wa hapa atagombana na zote mbili. Mwenye restora njo mpishi, njo mwenye kwenda sokoni saa 11 alfajiri, njo mwenye kuhesabu feza usiku. Atakaa saa ngapi aandike gramu? Nikakubali hilo. Lakini bado nabisha kwa upande mmoja: karatasi na mizani haviombi umeme. Chumvi inapimwa hata gizani.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui na lilinifurahisha kuliko yote. Hii sifa yote ya Lyon, kwamba njo mji wa kula wa Ufaransa, msingi wake ni wamama. Wanawaita mères, mama wa Lyon. Wengi walikuwa wapishi wa nyumba za matajiri, halafu wakajitegemea, wakafungua vyumba vidogo vya kulisha watu, sahani chache tu lakini wanazijua mpaka usingizini. Mkubwa wao Eugénie Brazier, msichana wa shamba, alichunga wanyama utotoni, na 1933 akawa na nyota tatu za Michelin kwenye restora yake ya mjini na nyota tatu zingine kwenye ile ya mlimani, Col de la Luère. Sita kwa jumla, kabla ya mwanaume yeyote. Na baada ya vita kijana mmoja alienda kujifunza kwake kule mlimani, kazi haikuwa kupika tu, alikuwa anakamua ng'ombe, anafua, anapiga pasi. Jina lake Paul Bocuse.

Kwa hiyo wakati unakula kuku na krimu kwenye braseri ya mwanaume maarufu ujue unakula malewa, chakula ya kibanda, ya mama fulani iliyowekwa kwenye kipimo. Nilipomweleza mama yangu kwa simu alisema, "Ah, basi hata kule ni sisi." Na akataka kujua kuku gani.

Kuku gani, swali zuri. Kuku ya Bresse, eneo lililo kaskazini-mashariki mwa Lyon, jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1957, mtu wa fasi ingine hawezi kuandika Bresse kwenye kuku yake. Manyoya meupe, kilemba chekundu, miguu ya bluu, rangi za bendera yao, wenyewe wanajivunia mpaka wanakera. Anakaa nje kwenye majani, kila kuku na mita zake. Kwa ulimi wangu iko karibu na kienyeji yetu kwa utamu, ila laini, haikupiganishi. Sisi tunapenda nyama inayojibu kidogo, kwa hiyo wazee wa nyumbani wangesema haijaiva ao ilikuwa mgonjwa. Mi nilimaliza mpaka sosi nikapangusa na mkate.

Siku ingine tukaenda Le Nord, iko katikati ya mji karibu na Opera, ndogo zaidi, ya kizamani zaidi. Pale chukua supu ya kitunguu kama ni baridi, inakuja na jibini imeungua juu, na ile soseji yenye pistache ndani iliyookwa ndani ya mkate wa brioche, unakatiwa kipande kama keki. Yaya alikula hiyo, mi nilionja nusu yake kwa nguvu. Kwa tamu mwisho, île flottante, yai jeupe lililopigwa likaelea kwenye krimu ya vanila, nyepesi, linapita hata kama umeshiba. Ile tarte nyekundu ya praline ya Lyon, inauzwa kila duka la mikate, mi hapana, sukari inagonga meno, lakini yaya ananunua kila Jumapili kwa hiyo msinisikilize.

Mambo ya feza juu najua njo mnasubiri. Ukichukua ile menyu ya bei moja, ya kuanzia, ya kati na ya mwisho, unatoka kwa chini ya euro 50 kama hukujiachia kwenye mvinyo. Maji ya jagi ni bure, sema tu "une carafe d'eau", usione haya, wenyewe wenyeji wanafanya hivyo, ukisema maji bila kueleza wanaweza kukuletea chupa ya kulipa. Mkate ni bure na wanaongeza. Huduma imeshaingizwa kwenye bei, sheria ya Ufaransa, kwa hiyo ile aibu ya kuhesabu asilimia mwishoni haiko, ukiacha sarafu mbili tatu ni kwa moyo wako. Mvinyo wa kawaida wanauletea kwenye chupa ya kizamani ya Lyon wanaiita pot, sentilita 46, kitako chake kioo kinene kabisa, wawili mnatosheka. Weka nafasi mapema, hasa Jumapili mchana, juu Jumapili familia za Lyon zote zinatoka na bibi zao.

Kama ni moja tu utaenda na uko na watoto, chukua L'Est juu ya katreni. Kama uko peke yako na njaa ya kweli, Le Nord. Le Sud iko karibu na ile Place Bellecour, nzuri jua likiwaka, ukae nje. L'Ouest sikufika, yaya anasema njo kubwa kuliko zote, na bado ananidai niifikie naye siku viza itanipenda tena.

Na wale wa L'shi mnaofungua restora mwaka huu, nijulisheni, nitakuja kula. Nitaagiza sahani moja, nitarudi baada ya miezi mitatu na nitaagiza ile ile, bila kusema kitu.